Anakoroma kila usiku na meno ya mbele hayakutani: tuanzie wapi?

Habari zenu wataalamu,

Mwanangu wa kiume ana miaka 5 na miezi 8. Tangu mwaka jana anakoroma karibu kila usiku, awe na mafua au asiwe nayo. Analala mdomo wazi, kichwa amekitupa nyuma, na asubuhi mto umelowa jasho. Kuna wakati kukoroma kunakatika ghafla, panakuwa kimya, halafu anashtuka kama aliyepaliwa, anajigeuza na kuendelea kulala. Lakini nikienda kumchungulia saa 4 usiku mara nyingi namkuta ametulia, ndiyo maana baba yake haniamini. Bibi yake anasema mtoto anayekoroma ndiye aliyepata usingizi mzuri, na kwamba hata baba yake alikuwa hivyohivyo.

Alishaacha kukojoa kitandani kwa karibu mwaka mzima. Sasa ameanza tena, mara mbili au tatu kwa wiki. Mwalimu wake analalamika kuwa hatulii, anagombana na wenzake na hamalizi kazi. Mchana hasinzii hata kidogo, ndiyo kwanza anakimbiakimbia. Analala saa 3 usiku, na saa 12 asubuhi tunamwamsha kwa shida.

Kuhusu meno: alinyonya kidole gumba hadi alipofika miaka 4. Akiuma, meno ya mbele ya juu na ya chini hayagusani, ulimi unachungulia katikati. Usiku anasaga meno mpaka tunasikia chumba cha pili. Juzi nimeona jino jipya limechomoza nyuma ya meno ya chini, na la maziwa bado lipo. Daktari wa meno alisema tusubiri meno yote ya maziwa yaishe kung'oka ndipo tufikirie kuyapanga. Rafiki yangu ananishauri ninunue kile kifaa laini cha mpira cha kung'ata usiku kinachouzwa mtandaoni, eti kinatanua taya, na nimbandike plasta mdomoni ajizoeze kupumua kwa pua.

Nianzie wapi? Na mdogo wake wa miezi 14 nimwangalie nini mapema?

Mama Imani

*

Mama Imani, anzia puani na kooni. Meno yafuate baadaye kidogo, na kifaa cha mtandaoni usinunue. Uliyoyaeleza yanatosha kumpeleka mtoto kwa daktari wa masikio, pua na koo ndani ya wiki chache zijazo, bila kungoja akue.

Karibu kila mtoto hukoroma akiwa na mafua, na mafua yakiisha kukoroma nako huisha. Hilo halina neno. Mpaka tunaouangalia ni usiku 3 au zaidi kwa wiki bila mafua; aliyefika hapo anastahili kuchunguzwa. Wako ameuvuka zamani, na tena kuna kimya kile kinachofuatwa na kushtuka. Hicho kimya kinatutia wasiwasi kuliko sauti yenyewe. Kifua bado kinavuta, lakini koo limejifunga na hewa haipiti, mpaka ubongo umzindue kidogo ili koo lifunguke. Mtoto hakumbuki chochote asubuhi. Jambo hili likijirudia mara kadhaa kila saa, mtoto atakuwa amelala saa nyingi lakini usingizi wenyewe umekatwakatwa.

Bibi ana haki katika jambo moja: umbo la taya na koo hurithiwa, na mzazi aliyekuwa akikoroma utotoni ni taarifa ya kumpa daktari. Ila kukoroma hakuonyeshi kwamba usingizi ni mzuri.

Pengine mnachanganywa na huko kukimbiakimbia. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, ilhali mtoto mdogo mara nyingi hupandisha kasi: hatulii, hukasirika upesi, hasikilizi. Wapo wanaopewa jina la ukorofi au tatizo la umakini kabla ya mtu yeyote kuuliza wanalalaje. Hatusemi kwamba kila mtoto asiyetulia ana shida ya kupumua. Tunasema usiku uchunguzwe kwanza. Na hapo lipo jambo mnaloweza kurekebisha leo. Saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 9 tu. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Mlazeni saa 2 usiku au kabla ya hapo. Hilo halitamfungulia koo, lakini baada ya wiki mbili mtajua ni usumbufu gani uliotokana na kukosa saa za kulala na upi umebaki.

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa amekauka kwa miezi 6 au zaidi hakupaswi kupuuzwa wala kuadhibiwa. Kuziba kwa pumzi ni sababu mojawapo: moyo unapovutwa na msukumo wa kifua kinachohangaika, mwili hutoa homoni inayoongeza mkojo, na mtoto mwenyewe haamki vizuri kibofu kikijaa. Zipo sababu nyingine, kama maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu na kisukari, kwa hiyo ombeni kipimo cha mkojo. Kama anakunywa maji kupita kawaida na anapungua uzito, apimwe sukari siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye mabishano yako na baba yake, kwa sababu ushahidi utaamua mengi. Saa 4 usiku mtoto aliyelala saa 3 yumo katika usingizi mzito wa mwanzo, na wakati huo kupumua kwa watoto wengi hutulia. Koo hulegea zaidi katika usingizi wa ndoto, ambao huwa mwingi kuelekea alfajiri. Ndiyo maana anayechungulia mapema huona mtoto mzima. Wekeni kengele ya saa 9 usiku na nyingine ya saa 11 alfajiri. Mrekodini kwa simu dakika 2 hadi 3 kila mara, usiku usiopungua mitatu, asipokuwa na mafua. Mvueni shati au mlipandishe, kichwa, kifua na tumbo vyote vionekane, taa hafifu iwashwe ubavuni, feni izimwe ili sauti isikike. Msimgeuze wala kumfunga mdomo. Daktari atatafuta vitu hivi: ngozi ya shingoni juu ya kidari na ya kati ya mbavu inazama akivuta hewa? Tumbo linapanda huku kifua kikishuka? Kimya kinachukua pumzi ngapi? Kwa mtu mzima kukatika kwa pumzi huhesabiwa kuanzia sekunde 10, lakini kwa mtoto, anayepumua haraka zaidi, hata pumzi 2 zilizokosekana zinahesabika. Video isiyo na tukio lolote haimwondolei mtoto shaka, msikate tamaa nayo.

Andikeni pia kwenye daftari, kwa wiki mbili, saa aliyolala na kuamka, kama alikoroma, kama alikojoa, na kama aliamka akilalamika kichwa. Mistari michache kila siku inatosha.

Huko hospitali, watu wengi hudhani daktari akimwangalia mtoto kooni amemaliza. Mafindofindo huonekana mdomo ukifunguliwa, na hupangwa daraja 1 hadi 4 kwa kadiri yanavyoziba nafasi. Daraja la 4 ni zaidi ya robo tatu ya upana. Lakini nyama za puani zimekaa juu, nyuma ya pua, hazionekani kwa mdomo. Huhitaji kamera nyembamba ya kupitishia puani au picha ya eksirei ya ubavuni. Nyama hizi na mafindofindo huwa makubwa kulingana na njia ya hewa kati ya miaka 2 na 8 hivi, ndiyo maana shida hii huwapata zaidi wa umri huo. Mkiambiwa "koo halina kitu", ulizeni kama pua imetazamwa hadi nyuma. Na ukubwa peke yake hauamui: mwenye daraja la 2 anaweza kuzibwa zaidi ya mwenye daraja la 4, kwa sababu ya umbo la taya, uzito wa mwili au misuli iliyolegea.

Kipimo kinachojibu swali hasa ni kulala hospitali usiku mmoja huku mtoto ameunganishwa na vihisio vya pumzi, oksijeni, moyo na ubongo. Kinahesabu mara ambazo pumzi imekatika au kupungua kwa saa. Zingatieni hapa, maana ripoti zikisomwa kwa vigezo vya watu wazima watoto hupotezwa: kwa mtu mzima chini ya 5 ni kawaida, ila kwa mtoto kuanzia 1 kwenda juu si kawaida, na zaidi ya 10 ni kali. Kipimo hicho hakipatikani kila mahali. Kikikosekana, daktari anaweza kuamua kwa dalili, video na uchunguzi wa koo. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni usiku kucha husaidia kikionyesha kushuka kwa makundi. Kikitoka safi hakithibitishi kwamba hakuna tatizo, kwani mtoto anaweza kuzinduka kabla oksijeni haijashuka.

Matibabu hufuata kilichopatikana. Kama ni hali ndogo, hasa mwenye aleji, kwa kawaida huanza na dawa ya steroidi (ya kupunguza uvimbe) ya kupuliza puani kwa wiki 6 hadi 12, kisha hupimwa upya. Hii mara nyingi hushindwa kwa sababu ya namna inavyopulizwa. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo. Mkono wa kulia upulize tundu la kushoto na wa kushoto tundu la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio. Ikielekezwa kwenye ukuta wa kati, mtoto hutoka damu na wazazi huiacha. Asivute kwa nguvu, dawa itaishia kooni. Inafanya kazi polepole, hivyo msiihukumu siku ya nne. Kabla yake mwosheni pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 300 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Matone ya kuzibua pua papo kwa papo ni kitu kingine. Msimpe mtoto wa umri huu bila daktari, na yakitumiwa siku nyingi pua huziba zaidi ya mwanzo.

Kama kuziba ni kwa wastani au kukali, na mafindofindo na nyama za puani ni kubwa, tiba ya kwanza ni kuviondoa kwa upasuaji. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9: baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji mapema na asilimia 46 ya waliosubiri wakiangaliwa. Tabia na dalili ziliboreka zaidi kwa waliofanyiwa. Alama za mtihani wa umakini, hata hivyo, hazikutofautiana kwa kiasi cha kuzingatiwa. Tunayataja yote mawili makusudi: upasuaji unafaa, wapo wanaopona kwa kusubiri iwapo hali si kali, na msiahidiwe kwamba kisu kitabadilisha ripoti ya shule.

Mkifika huko, maumivu huchukua wiki moja hadi mbili. Anywe maji mara kwa mara hata akikataa kula, kwa sababu koo likikauka huuma zaidi. Damu huweza kutoka siku ya kwanza, kisha tena kati ya siku ya 5 na ya 10, gamba linapobanduka. Damu mbichi yoyote, hata kidogo, mrudisheni hospitali wakati huohuo. Maumivu yatulizwe kwa parasetamo au ibuprofeni kwa kipimo cha uzito wake. Kodeini asipewe: miili ya baadhi ya watoto huigeuza kuwa mofini kwa kasi mno na pumzi husimama, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kabisa kwamba isitumiwe kwa watoto baada ya upasuaji huu. Na wiki 6 hadi 8 baadaye arudi kuangaliwa. Mwenye uzito mkubwa, mwenye hali ya Down au aliyekuwa na kuziba kukali mara nyingi hubaki na sehemu ya tatizo.

Tukirudi kwenye meno, daktari wenu yuko sahihi nusu. Meno yaliyobanana au kupishana yanaweza kusubiri. Ila yapo mambo yasiyosubiri, na moja mnaweza kuliangalia wenyewe. Mwambie mtoto aume kwa magego, kisha uvute shavu kando kwa kijiko safi. Meno ya juu yanapaswa kukaa nje ya yale ya chini pande zote, kama kifuniko kinavyofunika sufuria. Kama upande mmoja magego ya juu yamekaa ndani, au taya linahama kando anapofunga mdomo, huenda kaakaa, yaani paa la kinywa, ni jembamba. Hilo hutibiwa mapema, mara nyingi kati ya miaka 6 na 10, wakati mshono wa katikati ya kaakaa haujakomaa. Hutumika kifaa kilichogandishwa kwenye magego, chenye skrubu inayozungushwa kwa ufunguo. Kila mzunguko mdogo hutanua robo milimita, kisha kifaa huachwa miezi kadhaa mfupa ujijenge. Kutanua huko huongeza nafasi ya pua pia, na baadhi ya watoto hupumua vizuri zaidi. Lakini kinawekwa kwa mtoto ambaye kaakaa lake ni jembamba kweli, baada ya koo kutazamwa. Anayewaahidi kwamba kitachukua nafasi ya uchunguzi wa koo, mkimbieni.

Mwanya wa mbele unaelekea kutokana na kidole gumba. Mtoto akiacha kabla ya meno ya kudumu kuota, kwa wengi mwanya hujifunga wenyewe. Wa kwenu umebaki karibu miaka miwili tangu aache, na tunashuku sababu ni mdomo wazi: ulimi unashuka chini ili kupisha hewa, hauegemei kaakaa, mashavu yanabana magego kwa ndani, na mbele unasukumwa kati ya meno. Pua ikifunguka, mpe miezi 6 kisha umrudishe kwa mtaalamu wa kupanga meno. Mazoezi ya ulimi na midomo yana maana baada ya hapo. Kumfundisha kufunga mdomo mtoto ambaye pua imeziba ni kumtesa bure.

Kwa sababu hiyohiyo plasta hapana, hata ile laini. Mdomo ndio njia yake ya akiba, na akitapika usiku hataweza kujiokoa. Kifaa cha mpira kisichopimwa kwenye kinywa chake kinaweza kusogeza meno ovyo, na kibaya zaidi kinawapotezea miezi mkidhani mnatibu. Kukata uzi wa chini ya ulimi ili kutibu kukoroma, ambako nako kunatangazwa sana siku hizi, hakuna ushahidi wa kutosha.

Kusaga meno pekee si ugonjwa. Watoto wengi husaga na huacha wenyewe. Mwambie daktari wa meno aangalie kama meno yamelika. Kama mtoto pia anarusha miguu na hatulii kitandani, ombeni akiba ya madini ya chuma ipimwe kwa damu, kipimo cha feritini. Ikiwa chini ya nanogramu 50 kwa mililita na miguu haitulii, daktari anaweza kumpa madini hayo. Msimpe wenyewe.

Jino la nyuma ya lingine lisikutishe. Meno ya mbele ya chini huota hivyo mara nyingi, na ulimi huyasukuma mbele la maziwa likishaondoka. Atikise la maziwa kila siku kwa mikono safi. Baada ya miezi 2 au 3 likiwa bado gumu, ling'olewe. Tazama pia nyuma kabisa: karibu na miaka 6 huota gego la kudumu bila jino lolote kutoka, wazazi huliona la maziwa na kuliacha lioze. Na gego la maziwa likiwahi kung'olewa, ulizeni kuhusu kifaa cha kutunza nafasi, kwani hilo la miaka 6 husogea mbele na kuziba njia ya jino linalokuja.

Msisubiri miadi ikiwa midomo imekuwa ya bluu, kama anashindwa kupumua akiwa macho, kama ana homa na anadondosha mate kwa kushindwa kumeza, au kama ni vigumu kumwamsha. Kutoka uchafu wenye harufu kwenye tundu moja tu la pua maana yake mara nyingi ni kitu kimekwama humo. Kikiwa betri ndogo ya duara, hula nyama za pua ndani ya saa chache.

Mdogo wake hahitaji mengi. Msikilize akilala bila mafua. Kwa miezi 14, kukoroma usiku 3 kwa wiki nako kunatosha kumpeleka, na mtoto mdogo asiyeongezeka uzito hapaswi kungoja. Kwa daktari wa meno alitakiwa awe amefika ifikapo mwaka 1, hivyo mpeleke sasa. Nafasi kati ya meno ya maziwa ni jambo jema, na yote 20 huwa yameota karibu na miaka 3. Kama ananyonya chuchu ya plastiki au kidole, lengo ni kuacha kabla ya miaka 3. Mpigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele; ya ukubwa wa njegere ni ya kaka yake.